Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa darasa la imani zote, Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshajaza ndoo. Chai, daftari mfukoni, kisha miguu hadi shuleni.

Shule yetu ni ya serikali. Nyingi hapa mjini zinaendeshwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu (wa kanisa la Simon Kimbangu) au Waislamu, kwa mapatano na serikali yaliyoanza 1977. Kwetu watoto wa hao wote wanakaa pamoja, na wa makanisa ya uamsho, na Mashahidi wa Yehova. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019, benchi la wawili linabeba wanne.

Saa moja na nusu, bendera. Kuna kijana darasani mwangu, Shahidi wa Yehova, ambaye haimbi wimbo wa taifa. Anasimama kimya, wima, nami simsukumi. Kisha hesabu: sehemu, nusu na robo.

Saa nne mama mmoja akaingia na keki na pipi. Mtoto wake ametimiza miaka kumi. Darasa zima likaimba, isipokuwa yule kijana. Jirani yake, msichana anayefunga Ramadhani kwa mara ya kwanza, akafunga pipi yake kwenye ncha ya mtandio, aile jioni.

"Madamu, ule mutoto anakatala wangu juu ya nini?"

"Mama, kwao hawasherehekei siku ya kuzaliwa. Hamkatai mwenzake, kila siku wanacheza pamoja."

Hakusikia. Akasema ni roho mbaya, atamletea mwanawe mikosi, nimtoe kwenye benchi lile. Nikaeleza tena. Akaenda kwa Direkta, akarudi na Direkta, akaanza upya mbele ya watoto wote. Mapumziko yakaisha, kipindi kikaanza, bado anasema. Nilimwangalia kijana: alikuwa anapaka rangi robo moja ya duara lake, anapaka tu, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nilikataa. Direkta akamwambia arudi kesho na mumewe.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Kifaransa, sauti inakauka, jua, miguu inawaka, nyumbani bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, umeme hakuna. Nilisahihisha kwa tochi ya simu. Hakuna anayetufundisha sisi walimu kazi hii ya kukaa katikati ya nyumba za watu, nami najivunia kuiweza.

Daftari lake nilikuta chini kabisa. Robo zote nne zilikuwa sawa. Niliandika "vizuri sana" pembeni mwa tundu.

Kesho saa moja wanakuja wote wawili. Benchi silisogezi.