Nilimhurumia Katherine, nikamsahau Anna

Jana usiku niliangalia tena Lady Macbeth, ile filamu ya William Oldroyd ya mwaka 2016. Florence Pugh ndiye Katherine, binti aliyeozwa kwa mwanamume mkubwa kwake kwa mbali, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1865. Anaambiwa usoni kwamba alinunuliwa pamoja na kipande cha ardhi kisichofaa hata kulishia ng'ombe.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo jicho langu hutangulia kwenye nguo. Anna, mtumishi wake, anamkaza kamba za koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno. Anavuta, anavuta tena, mpaka unaona pumzi inamwisha mwenzake. Kisha gauni la buluu, kisha kochi. Kutwa ameketi hapo, usingizi unamchukua. Kutoka nje amekatazwa.

Ndiyo maana mara ya kwanza, baba mkwe alipolishwa uyoga wa sumu, nilifurahi. Nasema kweli. Mzee anakata roho nyuma ya mlango, Katherine yuko mezani, ametulia, anamwita Anna akae naye. Nikasema moyoni, afadhali. Anna sikumtazama kabisa.

Jana nilimtazama yeye tu. Anasikia mtu anakufa na ameambiwa akae. Tangu siku ile hasemi tena.

Halafu kuna sehemu ya mvinyo, inayokuja kabla ya uyoga, mzee angali hai. Mvinyo wa mzee aliunywa Katherine, lakini anayeulizwa ni Anna, na anaamriwa atoke chumbani akitambaa kwa mikono na magoti kama mnyama. Hapo nilisimamisha filamu. Mama yangu alifanya kazi za ndani miaka mingi. Nyumba moja mkufu ulipotea, akafukuzwa jioni ileile bila mshahara wa mwezi. Mkufu ulionekana chini ya godoro. Tulisikia kwa jirani. Pole hakuna aliyemletea.

Wengi husema huruma yao kwa Katherine ilikoma alipomuua Teddy, mtoto aliyekuwa chini ya ulezi wa mumewe, kwa kumziba pumzi. Yangu imekatika mapema zaidi, kabla hajaua mtu yeyote. Nayo haijakatika yote, kwa sababu zile kamba za koseti bado naziona. Lakini mwishoni mauaji ya mtoto anawatupia mpenzi wake na Anna, na Anna hana sauti ya kukana.

Ile sehemu ya mvinyo niliirudisha nyuma mara tatu. Nilikuwa nataka Katherine aseme, "Ni mimi."