Ni za Kambu

Tangu siku ya soko, sauti ya Mama haijanitoka masikioni. Mteja aliinua nyanya moja, akainusa (jamani, akainusa!), kisha akauliza, "Mama, hizi si za Thange?"

Mama hakusita. "Ni za Kambu, mwanangu."

Mnajua shamba letu liko Thange, huku Makueni. Kambu hatuna hata mche. Na huyu ni Mama yule yule aliyenituma usiku nirudishe dukani shilingi kumi za chenji iliyozidi.

Wiki hii dada amejifungua salama, barua yangu ya uhamisho nayo imefika, lakini nikikaa tu narudi pale sokoni, namjibu mteja kwa niaba ya Mama. Namwambia ndiyo, ni za Thange, ila ni za shamba la juu, za maji ya silanga, bwawa letu la maji ya mvua. Namweleza kwamba bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililowekwa miaka ya sabini, lilivuja kwetu, na mwaka 2015 petroli ikaonekana mtoni na visimani. Kwamba ule mng'ao juu ya maji kila mtu aliuona, ila ndani yake mna benzini, ambayo huyeyuka majini isionekane, na inaweza kuleta saratani ya damu. Ndiyo maana Mama aliiacha michungwa yake na vitalu vya sukuma kando ya mto, akahamishia kilimo huku juu, anakokinga maji ya mvua.

Ni mteja gani atasimama juani asikilize yote hayo? Anasikia Thange, anahamia meza ya pili. Sukuma zilizokauka mwaka ule tulizing'oa zikaisha. Jina bado linatukausha. Julai 2025 mahakama ya Makueni iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 3.8, nami nilishangilia na wenzangu hadi sauti ikakauka. Lakini Mama bado anaficha kwao ili auze nyanya.

Kwenye matatu nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anazinyoosha noti zake gotini. Akasema, "Hakuniuliza shamba. Aliniuliza kama watoto wake watakula wabaki wazima. Hilo nimemjibu kweli." Kisha akaanza habari za bei ya mbegu.

Siku ile niliona aibu. Jana nimepika zile nyanya alizonifungia, na hapo ndipo nikakumbuka kiangazi kilichopita. Silanga ilibaki matope, nyanya zimepanda bei hadi watu wananunua moja moja, na mto uko hatua chache tu kutoka kwa pampu yake. Hakuna afisa aliyekuwa akimtazama. Aliacha mistari mizima ikanyauka, akanywesha michache kwa maji ya tangi. Yule mteja hatajua kamwe kwamba alikuwa mikononi mwa mtu wa namna hii. Mimi najua, na nimekula nikashiba kwa furaha ambayo sikuitarajia wiki hii.

Jambo lingine: kitinda mimba wetu hajapiga simu tangu ashuke Mombasa kutafuta kazi. Laini yake haipatikani, asubuhi na jioni. Mlioko Changamwe, mkimwona mwambieni apige, hata kwa simu ya jirani. Mama bado hajaanza kuuliza, na sijui nitamjibu nini.