Kufuata Chuma cha Menzel, kutoka Chorzów hadi Berlin

Wanaoipenda picha ya Adolph Menzel, mchoraji Mjerumani wa karne ya 19, ya kiwanda cha kutengeneza reli za treni kwa kawaida huenda moja kwa moja Berlin, ilikotundikwa. Mimi nilianzia upande wa pili, Chorzów, kusini mwa Poland, na anayepanga safari hii ningemshauri afanye vivyo hivyo. Ukishaelewa reli ilivyokuwa ikitengenezwa, picha inasomeka.

Ukishuka treni Katowice, tembea hadi uwanja wa Rynek upande tramu ya Chorzów. Menzel alipofika huku mwaka 1872 mji uliitwa Königshütte na ulikuwa chini ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule. Tanuru za kiwanda chake cha chuma, zilizotumia koki (makaa ya mawe yaliyookwa), zilikuwa zikiwaka hapo tangu 1802. Mwaka mmoja kabla ya ziara yake wachimba makaa wa mji huu walikuwa wamegoma, na askari wakaletwa. Jambo hilo halimo pichani, ila ni vizuri uende nalo kichwani.

Jengo lililokuwa likizalisha umeme wa kiwanda hicho sasa ni jumba la makumbusho ya uhunzi wa chuma, lililofunguliwa 2021. Lipe muda. Mbele ya mitambo yenyewe ndipo unapoanza kupata picha ya uzito uliokuwa ukihamishwa kwa mikono ya watu.

Reli ya chuma ya wakati ule ilianza kama mrundo wa vipande vilivyofungwa pamoja na kutiwa tanuruni hadi vikawa vyeupe, kiasi cha nyuzi 1,300 za Selsiasi. Kwenye joto hilo, vikibanwa, hushikana na kuwa kitu kimoja. Kazi ya kubana ni ya rola mbili nzito, moja juu ya nyingine, zilizochongwa mifuo inayozidi kuwa myembamba. Mfuo wa kwanza hukandamiza tu, inayofuata hurefusha, wa mwisho hutoa umbo la reli lenye kichwa na kitako. Ugumu ni kwamba rola hizo zilizunguka upande mmoja tu. Kipande kikishapita, wa upande wa pili walilazimika kukidaka kwa makoleo, kukiinua kwa wenzo ulioning'inia kwenye minyororo, na kukirudisha kwa wenzao kupitia juu ya rola, ndipo kiingizwe kwenye mfuo unaofuata.

Haya yote chuma kikiwa kinapoa. Wakizubaa, kinakuwa kigumu, kinakwama, injini ya mvuke inalemewa, na rola yenyewe inaweza kupasuka. Kikiingia kimepinda, kinaweza kujiviringisha kwenye rola badala ya kutoka. Kuna na kasoro isiyoonekana kiwandani: takataka za tanuru zikibaki katikati ya vipande, haviungani vizuri. Reli inatoka ikiwa nzima machoni, lakini magurudumu ya treni yanakuja kuibandua kichwa tabaka kwa tabaka. Ni sababu kubwa iliyofanya mashirika ya reli yahamie chuma cha pua (feleji), na mabadiliko hayo yalikuwa yakiendelea miaka ileile Menzel alipokuwa akichora.

Kutoka Katowice, treni ya kuelekea magharibi inapita Wrocław, zamani Breslau, alikozaliwa Menzel mwaka 1815. Hapo unaweza kubadilisha treni na kuendelea hadi Berlin.

Picha iko Alte Nationalgalerie, jumba la sanaa kwenye Kisiwa cha Makumbusho. Jumatatu hufungwa. Ni rangi za mafuta juu ya turubai, urefu sentimita 158 na upana 254, na ilikamilika 1875. Anza kwa kutafuta chuma. Kile kipande cheupe katikati ndicho mwanga mkali kuliko wote pichani, na nyuso, vifua na aproni za walio karibu zinaangazwa nacho. Wa upande wa huku wamekishusha kutoka kwenye mkokoteni na wanakielekeza kwenye rola kwa makoleo. Wa upande wa pili wameshajiweka tayari kudaka, na minyororo inaning'inia juu yao. Aliyetoka Chorzów anajua kwamba kitarudi juu ya rola, na kwamba muda ni mchache.

Baadaye picha ikapewa jina la pili, *Kiklopi wa Kisasa*, likirejelea majitu ya jicho moja ya Ugiriki ya kale yaliyomfulia Zeus radi. Wengi huisoma kwa ufunguo huo, kama ishara ya moto na nguvu. Naona jina hilo linaficha nusu ya kazi. Tazama kushoto: wanaume vifua wazi wananawa, kwa kuwa ni saa ya kubadilishana zamu, na tanuru halizimwi. Chini kulia wengine wanakula nyuma ya bati bovu la chuma, na msichana aliyewaletea chakula kwenye kikapu anatutazama sisi. Nyuma kabisa, mwenye kofia, msimamizi anapita. Jitu la hadithi halichoki wala halisikii njaa. Hawa wanachoka, na Menzel amehakikisha tunaliona hilo kwenye turubai ileile yenye moto.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Kupferstichkabinett, hazina ya michoro iliyoko Kulturforum, humo humo Berlin, penye maelfu ya michoro yake. Kwa picha hii pekee alichora zaidi ya mia moja, mingi kwa penseli nene ya seremala, akiipaka kivuli kwa kusugua. Tazama mikono: namna kila kidole kinavyoshika koleo, mahali bega linapobeba uzito. Michoro ya karatasi haivumilii mwanga, hivyo haitundikwi muda wote. Andika mapema uombe nafasi kwenye chumba cha kusomea, na utaje unachotaka kuona.