Faini za Italia zilizonifuata hadi Dar, na nilivyozimaliza

Faini ya gari la kukodi haiji mara moja. Kwanza kadi yako inakatwa hela, halafu kimya, halafu miezi mingi baadaye, ukiwa umesahau hata rangi ya gari, ndipo barua yenyewe inafika. Watu ninaowajua waliopatwa na jambo hili waliumia zaidi katika kile kimya cha katikati kuliko kwenye faini, na ndiyo maana naandika.

Mimi na mke wangu tulikwenda Italia kumtembelea mdogo wake anayeishi Bologna. Tukakodi gari tukazunguka Toscana: Firenze, Siena, Pisa. Leseni yangu ya Tanzania pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva vilipokelewa bila shida, na hatukusimamishwa na askari hata mara moja. Aliyezoea barabara ya Morogoro, yenye trafiki na tochi zake, akiona hivyo anaamini safari imekwisha salama.

Kule wageni wengi hupigwa faini na kamera. Katikati ya miji mikongwe kuna eneo linaloitwa Zona a Traffico Limitato, kwa kifupi ZTL, ambamo gari lisilo na ruhusa halitakiwi kuingia kwa saa zilizopangwa. Mlangoni kuna kibao cheupe chenye duara jekundu, na miji mingine huongeza ubao wa taa unaoandika “varco attivo” wakati zuio linafanya kazi. Hakuna geti wala kamba. Unapita, kamera inachukua namba ya gari, basi. Anayezungukazunguka kutafuta maegesho anaweza kuzipita kamera kadhaa bila kujua.

Tulipokuwa tumesharudi na kazi zimetubana, ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu: kadi imekatwa euro na kampuni iliyotukodisha gari. Ukaja mwingine, kisha mwingine, kiasi kilekile. Nikampigia shemeji.

“Shemeji, hizo siyo faini,” akaniambia. “Hiyo ni ada ya kampuni kwa kuwapa polisi jina lako na anwani yako. Faini zenyewe bado ziko njiani. Wamekukata mara tatu, basi subiri barua tatu.”

Maneno hayo yalinisaidia kuliko chochote nilichosoma baadaye. Nilifungua mkataba wa kukodi na kweli, kipengele cha ada hiyo kilikuwemo, kwa maandishi madogo, na saini yangu chini yake. Wengi wakiona makato yale wanadhani wameshalipa faini, na barua ikija wanaitupa kwenye droo. Wengine wanakwenda benki kulalamikia makato. Hata wakirudishiwa hela, deni la manispaa linabaki palepale, maana ni vitu viwili tofauti na wadai wawili tofauti. Kwetu faini hukaa kwenye gari: unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi na unaona deni. Kule, gari likiwa la kukodi, mwenye gari anamtaja dereva, na faini inamhamia dereva popote alipo.

Sheria yao ya barabarani inaipa mamlaka siku 360 kumfikishia barua mtu anayeishi nje ya Italia. Huo ni karibu mwaka mzima. Nilitumia muda huo kukusanya karatasi: mkataba wa kukodi, uthibitisho wa hoteli, risiti za maegesho, na picha za kwenye simu, kwa kuwa kila picha ina tarehe na saa yake. Pia, anwani niliyoandika kwenye mkataba ilikuwa S.L.P. ya ofisini. Nikaenda masjala kumwomba dada anayepokea barua kwamba ikija bahasha ya rejista kutoka Italia, aigonge muhuri wa tarehe palepale na anipigie simu siku hiyohiyo. Namshukuru sana, alifanya hivyo kwa kila bahasha.

Ule muhuri ulikuwa na thamani ya fedha. Karatasi ya faini, wenyewe wanaiita verbale, inahesabu siku kuanzia ulipoipokea. Kuingia ZTL bila ruhusa kiwango chake cha chini ni euro 83. Ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30, inakuwa euro 58.10, na juu yake gharama za posta na za kuandaa barua. Kati ya siku ya 6 na ya 60 unalipa 83 kamili na gharama hizohizo. Zikipita siku 60 bila malipo wala rufaa, deni linaruka hadi euro 166, na likiendelea kulala linaongezeka kila miezi sita.

Rafiki zangu waliniambia niachane nao, watanifuata Bongo? Sikukubaliana nao na bado sikubaliani. Ndugu yetu anaishi kule, tutarudi kule, na jina langu limo kwenye kumbukumbu zao. Zaidi ya hapo, njia za katikati ya Firenze ni nyembamba na watu wanaishi humo. Zuio lile linawalinda wao. Dawa ya deni ni kulipa.

Ila nilitaka kulipa ninalodaiwa kwa haki. Barua zote zina jambo hili ambalo ni lazima ulijue kabla ya kugusa kadi: ukishalipa, umekubali kosa, na rufaa huna tena. Kwa hiyo nilikaa na kila verbale peke yake. Kila moja ilionyesha tarehe, saa mpaka dakika, jina la mtaa wenye kamera na namba ya gari. Kwa kutumia namba ya verbale na namba ya gari niliweza kuona picha kwenye mtandao: sehemu ya nyuma ya gari letu, nyeusi na nyeupe, taa za breki zikiwaka.

Ya Pisa na moja ya Firenze zilikuwa halali. Nikazilipa mara tu zilipofika, kwa kadi, kwenye tovuti iliyotajwa kwenye barua. Nilikuwa nimeshaiomba benki ifungue kadi kwa malipo ya mtandaoni na kuongeza kikomo chake. Ningetuma kwa TT, yaani kuhamisha hela kutoka benki hadi benki ya nje, ningepoteza punguzo, kwani hela huchukua siku kadhaa kufika, benki za njiani hukata chao, na ikipungua hata kidogo kule wanahesabu hujamaliza kulipa. Anayelazimika kutumia TT aagize makato yote yabebwe na mtumaji, na sehemu ya maelezo aandike namba ya verbale na namba ya gari, vinginevyo hela inafika bila mwenyewe. Namba ya verbale inafanya kazi kama kontrol namba yetu.

Ya tatu nilisita. Saa iliyoandikwa ilikuwa ile jioni tuliyofika hotelini Firenze. Hoteli zilizo ndani ya ZTL zinaweza kuwasilisha namba ya gari la mgeni kwa mamlaka ili aruhusiwe kuingia na kushusha mizigo, na mimi niliwapa mapokezi namba hiyo tulipoingia. Mhudumu aliiandika mbele yangu. Haikuwa imetumwa. Nikawaandikia hoteli, na baada ya kuwakumbusha wakanipa barua inayokiri kwamba tulilala kwao usiku ule na namba ya gari waliipokea.

Shemeji akanisaidia kuandika kwa Kiitaliano ombi kwa polisi wa manispaa walifute verbale hilo wao wenyewe, tukaambatanisha uthibitisho wa hoteli, ile barua, mkataba wa gari na nakala ya pasipoti. Ombi la namna hiyo halisimamishi kuhesabiwa kwa zile siku. Kwa sababu hiyo tuliandaa pia rufaa kwa Prefetto, yaani mwakilishi wa serikali kuu katika eneo hilo, ambayo haina ada na hupokelewa ndani ya siku 60, tukaiweka tayari kutumwa kama jibu lingechelewa. Njia ya Giudice di Pace, hakimu wa kesi ndogondogo, nayo ipo, na kwa anayeishi nje ya Italia muda wake ni siku 60, lakini ina ada yake, nikaona haifai kwa kiasi hiki. Prefetto naye akikukatalia, kiasi kinapanda kufikia angalau mara mbili ya kiwango cha chini, ndiyo maana sikuthubutu kuzipinga zile mbili nyingine.

Jibu lilikuja kwa baruapepe kabla ya muda kwisha: verbale limefutwa. Nikamtumia mke wangu palepale kazini kwake, akampigia mdogo wake.

Risiti mbili za malipo na lile jibu nimezichapisha na kuziweka kwenye faili moja na mkataba wa gari, na nakala nyingine ziko kwenye simu. Zitakaa humo miaka 5, ambao ndio muda sheria yao inawaruhusu kudai faini ya namna hii.