Pasi ya treni kwa kijana wako: safari yake ya kwanza Ulaya

Watoto wetu wanaokulia Ujerumani wanafika miaka 16 au 17 wakiwa wamepanda ndege mara nyingi, lakini safari zote zilipangwa na wakubwa: tiketi, masanduku ya zawadi, hata siti ya dirishani. Mapenzi ya kusafiri hayaingii hivyo. Yanaingia siku kijana anapokaa mwenyewe na ramani, akachagua mji, akakosea saa ya treni, kisha akarekebisha. Mpeni nafasi hiyo mapema.

Chombo kizuri zaidi kwa umri huo ni pasi ya Interrail, tiketi moja ya kupanda treni katika nchi nyingi za Ulaya, iliyoanza mwaka 1972 kwa ajili ya vijana wasiozidi miaka 21. Leo bei ya kijana ni ya miaka 12 hadi 27, pungufu hadi asilimia 25 kuliko ya mtu mzima. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaruhusiwa kuinunua, kwa sababu kinachoangaliwa ni makazi ya Ulaya, si uraia. Akifikisha miaka 18 ajaribu pia DiscoverEU, mpango wa Umoja wa Ulaya unaotoa pasi za bure: hujibu maswali matano na moja la ziada. Hapo napo mkaazi halali anakubaliwa.

Anzeni na pasi ya siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Njia ninayoipendekeza: siku ya kwanza Munich hadi Salzburg, saa mbili hivi; ya pili Salzburg hadi Vienna; ya tatu Vienna hadi Budapest, kama saa mbili na nusu; ya nne kurudi Munich kwa treni ya moja kwa moja, karibu saa saba. Njia nzima haidai kuhifadhi siti. Ufaransa, Italia na Uhispania treni za kasi zinadai, na hapo ndipo bajeti ya kijana huvuja, maana kila kipande kinaweza kuongeza yuro 10 au zaidi juu ya pasi. Bratislava iko saa moja tu kutoka Vienna. Nunueni tiketi ya kawaida, msichome siku ya pasi kwa safari fupi hivyo.

Kumbukeni kuwa ndani ya nchi unayoishi pasi hutumika siku mbili tu, ya kutoka na ya kurudi, na zote zinahesabiwa katika zile 4.

Makosa mengi hutokea kwenye simu. Katika Rail Planner, programu ya simu inayobeba pasi hiyo, kijana huamilisha pasi kwa namba ya pasipoti, kisha kila asubuhi huongeza treni kwenye safari yake na kuiwasha. Hapo ndipo msimbo wa QR unatokea. Afanye hivyo kabla ya kupanda. Akingoja mpaka mkaguzi aingie behewani, anaweza kuhesabiwa hana tiketi. Programu inataka intaneti angalau mara moja kila siku tatu, na simu ikizima chaji, pasi nayo imezima. Pawabenki ni lazima.

Aliye chini ya miaka 18 abebe barua ya idhini, kwa Kijerumani na Kiingereza: tarehe, miji, namba za simu za wazazi, saini, pamoja na nakala za pasipoti zao. Hosteli nyingine hazipokei mtoto asiye na mkubwa hata akiwa na barua, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kulipa.

Kuhusu bima, wengi wetu tunateleza. Kadi ya afya ya Ulaya inafanya kazi Austria na Hungary, lakini asiye raia wa Umoja wa Ulaya hawezi kuitegemea Denmark, Norway, Iceland, Liechtenstein wala Uswisi. Njia ikipita huko, nunueni bima ya safari.

Kibali cha ukaazi kinamruhusu kuzuru nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, mradi kadi ya ukaazi haijaisha muda na pasipoti iko naye. Ireland haimo. Kama kadi inaelekea kuisha, ahirisheni safari mpaka mpya itoke.

Wakati wa kurudi, treni ikishatoka Salzburg, polisi wa Ujerumani huingia kukagua hati. Ukaguzi wa mpaka huo ulirudishwa mwaka 2015. Vijana wetu waarifiwe mapema, wasishtuke wakiulizwa. Kadi na pasipoti zikae mfuko wa ndani wa koti, si kwenye begi lililowekwa juu ya siti.