Siku mbili Iringa, Isimila ikabaki ya mwisho

Mpango niliuandika Mbeya, nyuma ya risiti ya duka: Jumamosi nashukia Isimila, kwenye korongo la nguzo za asili na zana za kale za mawe, natembea humo, jioni naingia Iringa mjini. Jumapili Kalenga, kisha narudi. Ukitokea Mbeya, Isimila unaikuta kama kilomita 20 kabla ya mji, sasa kwa nini nipite halafu nirudi nyuma?

Konda nilimwambia mara mbili. "Usijali dada, nitakushusha." Baada ya Mafinga usingizi ukanichukua, nikazinduka tunaingia Ipogolo. Konda naye kalala, kofia usoni. Nikapanda daladala kwenda mjini juu, nimenuna.

Basi, mpango nikaugeuza. Kalenga ikawa ya Jumamosi hiyo hiyo. Ni kijiji tulivu, huwezi kudhani hapa palikuwa na ngome ya Mkwawa, mtwa (chifu) wa Wahehe, ile ambayo Wajerumani waliiangusha mwaka 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwafyeka askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, kule Lugalo. Ndani ya makumbusho kuna fuvu la mtwa mwenyewe. Lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954. Nilidhani nitapiga picha. Nilipofika mbele ya kioo, simu ikabaki mfukoni.

Boma la Wajerumani mjini nililikuta limeshafungwa, nikaishia kulizunguka nje. Jioni nikapanda Gangilonga. Kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na inasimuliwa kuwa Mkwawa alikuja hapa kutafuta habari za adui. Mimi niliambulia upepo. Ukija Julai, sweta usiache.

Jumapili alfajiri nikakodi bajaji hadi Isimila. Mzee anayetembeza wageni nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba na kuongeza "kamwene", salamu ya kwao. Kabla ya kushuka korongoni akaniwekea mkononi shoka la mawe. Zito kuliko nilivyotarajia, ncha moja imechongoka, upande wa pili mviringo unaojaa kiganjani sawasawa. Nikaligeuza, bado likakaa. "Umeona, mwanangu? Aliyelichonga alikuwa na mkono kama wako." Mashoka ya aina hii yametapakaa chini hapo, ya maelfu kwa maelfu ya miaka. Wachimbaji wa miaka ya 1957 na 1958 walikuta pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Kiboko, hapa palipokauka hivi!

Nguzo zenyewe zinasimama kama vichuguu vya majitu. Mvua imekula udongo laini pembeni, ila pale juu palipofunikwa na tabaka gumu pamekinga kilicho chini yake, kama mtu aliyejitwika ungo kichwani mvua inanyesha. Jua la asubuhi lilipopenya kati yake, wekundu ukashuka taratibu kutoka juu hadi mchangani. Kwa mpango wangu wa kwanza ningefika jua la utosi, nikihema na kutafuta kivuli.

Kumbe hata kwa nauli sikupata hasara kubwa. Isimila iko njia ya Mbeya, hivyo nilitembea hadi barabara kuu na kusimamisha basi pale pale.

"Unaenda wapi, dada?"

"Mbeya. Mwisho wa gari," nikasema, nikakaa dirishani na kulala bila wasiwasi.