Rozari ya saa tisa

Nimefika nyumbani Ukerewe juzi, meli kutoka Mwanza mpaka Nansio halafu bodaboda mpaka kijijini upande wa Kagunguli. Ni Oktoba, mwezi wa rozari, na kabla hata sijafunga begi mama alishatuma meseji kwamba Alhamisi jumuiya, yaani familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja, inasali kwetu, saa tisa. Nikashangaa, saa tisa mchana? Mjini tunasali jioni watu wakitoka kazini. Nikakaa kidogo ndo nikakumbuka, aaah, ni giza.

Kama hujakulia visiwani utadhani giza ni usiku tu. Kwetu giza ni zile siku ambazo mwezi haupo au unachelewa kutoka, ziwa linakuwa jeusi kabisa na dagaa wanafuata taa. Mbalamwezi ikirudi taa inakosa nguvu, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na kulala. Nilivyokuwa mdogo zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola, lakini mwezi ni uleule na ndo unaopanga kila kitu, mpaka sala. Jioni wanaume wanashuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, sasa rozari ya jioni utasali na nani? Kwa hiyo jumuiya ya mama ikasogeza muda, na kaka yangu akaja kaamka saa hiyohiyo, macho mekundu, mikono ina magamba ya dagaa, akapiga magoti pale kwenye mkeka mbele ya sebule akaongoza fumbo la tatu. Sauti yake ya besi ilivyoingia kwenye Salamu Maria nilishindwa kuitikia, koo lilibana.

Naandika hili kwa sababu kuna kitu kinaniuma muda mrefu. Niliwahi kumsikia mhubiri mmoja huko mjini anasema wavuvi hawana dini, Jumapili kanisani huwaoni, wamejaa pombe na mambo ya kambini. Sikatai, kambi zina mambo yake na kuna familia zimeumia. Ila huyo mtu hajawahi kuona kaka yangu anavyochovya vidole ziwani, anafanya ishara ya msalaba kwa maji yaleyale, ndo anasukuma mtumbwi. Kila siku ya kazi. Na hajui kwamba kigango chetu, kanisa dogo chini ya parokia, padre haji kila Jumapili, anayetushika ni katekista, anaendesha ibada, anazika, anafundisha watoto komunyo ya kwanza, halafu Jumatatu yuko shambani kwake kwenye mihogo kama wengine wote.

Tena imani hii haikukuta watu watupu. Mama ziwa likichafuka hasemi Mungu, anasema Namuhanga, Muumba kwa Kikerewe, na jina hilo mabibi zetu walilitamka kabla misheni haijajengwa. Nikipita Kagunguli huwa namkumbuka mzee Aniceti Kitereza, alisoma hapo misheni, akawa katekista, na mwaka 1945 akamaliza riwaya kwa Kikerewe kuhusu mume na mke waliopendana wakakosa mtoto kwa muda mrefu. Ilikuja kuchapishwa kwa Kiswahili 1980, yeye akafariki 1981. Yeye mwenyewe na mkewe Anna walizika watoto wao wote. Kwa mila za wakati ule ndugu wangemwambia oa mwingine, na yeye akabaki na Anna. Mimi nikitaka kumweleza mtu Ukristo wa kwetu naanzia hapo, kwa mwanaume aliyebaki.

Rozari ya mama ina punje moja haipo. Ilikatika zamani, kaka akaweka fundo la uzi wa nyavu, uzi wa kijani, limeshakuwa jeusi kwa kushikwa. Jana nikaona mama akifika pale anakaa muda mrefu kuliko punje zingine, nikamuuliza baadaye tukichambua dagaa kwenye turubai. Akasema hapo ni pa watu wa Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara, ilikuwa Alhamisi, watu wanatoka gulioni Bugolora na mizigo yao, wakafa zaidi ya 220. Alikuwemo mwanamke waliyeimba naye kwenye makongamano ya kwaya, walikuwa wanabadilishana vitenge. Mama hakuongeza neno, akaendelea kutoa mawe na vijiti kwenye dagaa, na mimi nikaendelea, mikono inanuka mpaka sasa nikiandika.

Jioni tulishuka mwaloni kumsindikiza kaka. Alichovya vidole, akasukuma, injini ikakohoa mara mbili ikashika. Baada ya saa moja hivi ziwa lote lilikuwa taa, unaweza kusema kuna mji umejengwa kule, na mama kasimama mlangoni anaonyesha kwa kidole, ile ya mwisho kushoto, ile inayocheza, ndo mtoto wangu.

Nilikuwa nirudi Mwanza Jumatatu. Ila wiki ijayo mbalamwezi inaanza, wanaume watakuwa nyumbani na kwaya itafanya mazoezi kila usiku nje ya kigango, na kaka kaniambia sauti ya pili imebaki na watu watatu tu. Nimeshampigia bosi kuomba siku nne.